Njia Hii Huziba Kila Masika

Kila mwezi wa tano nyasi zinanipita kimo
na njia niliyoiacha pana kama jamvi
imebaki fununu.

Naianzia ufukweni, kwenye changarawe,
nyani wakichambua dagaa wa watu walioanikwa
kwa utulivu wa wenye mali.
Ziwa liko nyuma yangu, halina la kusema.
Panga mkononi. Muhogo wa kuchemsha
ndani ya jani la mgomba.

Sokwe hafyeki.
Hupita chini ya kichaka kama uzi tunduni mwa sindano,
kichaka kikafunga nyuma yake
usiweze kuapa kwamba amepita.
Sisi ndio tunaohitaji upana:
kwa fimbo zetu, kwa kamera,
kwa viuno vilivyozoea viti.

Wageni huja Juni. Gwasa huwapanga mstari:
mita kumi, barakoa puani,
mwenye kikohozi abaki kambini,
mafua yako ya siku mbili kwake ni kilio.
Kisha huwatajia majina, nani binti wa nani,
nani alinyang'anywa ukubwa na mdogo wake.
Wageni huandika.
Hakuna aliyewahi kuuliza aliyefyeka anaitwaje.
Naitwa Bukuru. Aliyenifuata kwa nusu saa, Toyi,
anachemsha chumvi Uvinza.

Mwaka huu, kwenye kijito cha tatu,
mlima umevua shati.
Tope jekundu, mizizi juu,
mawe yenye unyevu wa kuzaliwa.
Ramani ya ofisini inasema pinda kulia.
Kulia kuna hewa.

Nikaketi, nikala muhogo.
Ndipo akapita mama mmoja, mtoto amemng'ang'ania tumboni.
Hakunitazama mara mbili.
Akashika kushoto, akapanda.
Nikavaa barakoa, nikahesabu hadi mia kama tulivyofundishwa,
nikaongeza mia nyingine kwa woga wangu mwenyewe,
nikafuata. Kwa magoti. Panga nimeliburuta kama mkia.
Siafu walinisoma mguu mzima.

Juu, pakafunguka.
Michikichi mitatu, mirefu, imesimama sawasawa:
hatua saba, hatua saba.
Nilipima. Porini miti haipangi foleni.
Na chini ya majani makavu, jiwe la kusagia,
tumbo lake limelika kwa mikono ya mtu,
limejaa maji ya mvua na kiluwiluwi mmoja.

Bibi alikuwa akisema,
tulihamishwa na chungu cha mawese kichwani,
yakatuchuruzika masikioni hadi ziwani,
ndiyo maana sisikii vizuri.
Tulicheka. Tulidhani ni uzee.

Yule mama alikuwa juu ya mti wa katikati,
anafyonza chikichi moja baada ya nyingine,
kidevu kimelowa rangi ya chungwa
kama cha bibi siku ya kukamua.
Nilicheka tena, peke yangu,
barakoa ikajaa pumzi.

Njia nimeipinda hatua arobaini kabla ya pale.
Ripoti nimeandika mstari mmoja:
imehamishwa, sababu maporomoko.
Nayo si uongo.

Mtandao hukamata kileleni tu,
penye miombo na jiwe lililochongoka.
Nikampigia Toyi, upepo ukila nusu ya maneno.
Nimepaona, nikamwambia. Kwa bibi.
Michikichi bado ipo.

Kimya. Nyuma yake maji ya chumvi yanatokota.

Mingapi?

Mitatu.

Bibi alisema minne.

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja juu ya Kongo.
Nikaliacha panga pale jiweni,
nikashuka tena.